Flashi Ndani ya Mkate

Kihunguro, Ruiru
9 Februari 2025

Kwako Tata Warigia,

Sasa tata? Natumai uko mzima huko Kamenu kama vile mimi niko mzima hapa, na kama hauko mzima basi shida ni moja tu, unakaa mbali na mimi. Mama, dadako mkubwa, anakusalimia. Goti bado linamuuma lakini mdomo hauna shida. Anasema ukikuja urudishe sufuria yake na usijifanye umesahau. Cucu, mamako, alipelekwa kliniki Jumanne, presha imeshuka, akamuuliza daktari kama ameoa. Alikuwa anakuulizia wewe.

Najua unashangaa. Kijana mwenye simu kubwa kushinda yako anaandika na biro kama mtoto wa bweni! Si ni wewe uliniblock? Voisi kumi na nne tu, tena za ushauri, na mtu anafungiwa mlango. Sawa. Hii barua nampatia Githinji wa gari la mkate. Yeye analala huko kwenu Thika na kila asubuhi anateremsha mkate kwa duka iko chini yetu. Mimi sishindwi na kitufe.

Na ukumbuke umeblock nani. Mimi nimeitwa babako, majina yote mawili, Bedan Gachau, sikubakishiwa hata moja langu. Kwa mila yetu mimi ni babako, hata kama umenizidi miaka saba na ulikuwa unanifuta kamasi. Wewe mwenyewe huniita Baba mbele ya watu.

Sasa maneno yenyewe. Mama ameniambia ile gemu yenu, wewe na Muoki, iko karibu kuiva, na eti mtaiuza wenyewe kwa tovuti yenu. Mtu analipa na simu, mnamtumia faili, kwaheri. Tata! Hiyo ni kuuza ndizi ukiwa umejifungia kwa nyumba. Iweke kwa lile duka kubwa la gemu la ng'ambo, lile kila mtu ako nalo kwa kompyuta. Dunia yote inapita hapo. Mimi niko na akaunti huko yenye gemu mia mbili na kumi na moja, niliinunua nzima nzima kwa jamaa wa Githurai 45. Hapa kwa Gemu Palace yangu (sawa, yangu na Lenny, yeye analipa kodi na mimi naleta akili) kompyuta tatu hazipoi kuanzia saa nane. Niliacha shule Form Two, na wale walibaki darasani ndio wananilipa kucheza. Sasa nani alifeli?

Sikiza babako.

Bedan


Kamenu, Thika
23 Februari 2025

Kwa Baba,

Habari yako na ya mamako Maggie? Sufuria iko, nitaileta Pasaka. Mwambie goti alikande kwa maji moto na asipande ile ngazi ya kwenu kila saa. Mimi sijambo. Asubuhi bado nafundisha kompyuta pale chuoni, jioni tunakaa na gemu. Muoki yuko, anachora. Juu ya Muoki usiniulize zaidi ya hapo.

Nilikublock kwa sababu voisi zako zililia mbele ya darasa, na ile ya mwisho ulikuwa unaimba. Utakaa huko nje mpaka gemu iishe. Hata hivyo barua inakufaa. Inakulazimisha kumaliza sentensi.

Kuhusu duka, nimefikiria sana. Linakata thelathini kwa kila mia, na hiyo ningeimeza. Kitu sikimezi ni hiki. Mtu akinunua kule hanunui gemu, ananunua ruhusa ya kucheza. Duka likimkasirikia, au likifungwa, ruhusa imeenda na pesa hazirudi. Halafu linataka kadi ya benki. Vijana wangapi hapo kwako wana kadi? Kwetu mtu atalipa na simu, atapewa faili, na faili ni yake, aiweke kwa kompyuta yake, aiachie watoto wake. Ni kama kununua maziwa kwa mwenye ng'ombe. Unamjua, anakujua, na yakiharibika unajua mlango wa kugonga.

Gemu inaitwa Debe la Mwisho. Unacheza mtu anayechuma kahawa, na lazima ufikishe debe lako kwa mizani kabla nyapara hajafunga. Ni yale mashamba ya huko Ruiru, vile yalikuwa kabla ya kukatwa ploti, wakati baba ndiye alikuwa nyapara. Ukiifungua, kabla ya kitu kingine chochote, skrini inakuwa nyeusi na jina lake linatokea peke yake: Bedan Gachau. Ni yeye, si wewe. Usivimbe kichwa.

Halafu nikuulize. Hiyo akaunti ya gemu mia mbili na kumi na moja, imeili iliyo ndani yake ni ya nani?

Tatako,
Warigia


Kihunguro, Ruiru
16 Machi 2025

Kwako Tata,

Natumai uko salama. Mama ameshukuru kwa neno la maji moto, lakini anasema sufuria haihitaji kungoja Pasaka. Cucu hajambo. Kuku wake mmoja amepotea, na mshukiwa wa kwanza ni mimi, na nilikuwa mbali kilomita ishirini.

Hapa kazi ni poa. Hali ya hewa pia ni poa. Stima pia.

Sawa tata, wacha niache kuzunguka. Ile akaunti imeenda. Jumatatu nilifungua, ikaniambia neno la siri si hilo. Nikajaribu la pili, la tatu. Kumbe imeili ilikuwa ya yule jamaa siku zote, na aliandikia duka kwamba ameibiwa, wakamrudishia. Mimi nilinunua akaunti vile mtu hununua baiskeli: anakupa, unapanda, unaenda. Kumbe baiskeli ilikuwa imefungwa kamba na kamba amebaki nayo Githurai. Niliandikia duka. Wakanijibu vizuri sana, kwa heshima, kwamba mimi si mtu.

Usicheke. Najua unacheka.

Kwa kompyuta zote tatu kumebaki karata na drafti. Kijana mmoja ameniuliza kama hapa ni mahali pa wazee. Lenny anasema kama mwezi utaisha hivi atapeana chumba kwa mama wa saluni. Tata, mimi sina kazi nyingine. Nikitoka hapa narudi kwa Mama kukula nikiangaliwa.

Nitumie Debe la Mwisho. Hata kama haijaisha. Vijana wataicheza hapa na nitakuandikia vile wameona, makosa yote, bure. Mimi ni mtaalamu, wengine hulipwa kwa hiyo kazi.

Babako mwenye shida kidogo tu,
Bedan


Kamenu, Thika
30 Machi 2025

Kwa Baba,

Nimecheka kwa dakika moja, halafu nikaacha. Pole.

Faili ni kubwa, haiwezi kupita kwa mtandao wenu. Mkate ambao Githinji atakupatia usiukate na kisu. Flashi yenye gemu iko ndani, imefungwa kwa nailoni.

Sikiza sasa, na usome mara mbili. Gemu haijaisha. Hatua mbili za mwisho hazipo, na pale kwa mto ukiingia na debe limejaa, mchumaji anaelea juu ya maji kama malaika. Hilo Muoki ataliondoa wiki ijayo, kwa hivyo hii nakala yako ndiyo pekee itabaki nalo. Tutaanza kuuza tarehe saba Juni. Mpaka siku hiyo gemu isitoke kwa hizo kompyuta tatu. Isikopwe, isipewe rafiki, isiuzwe.

Muoki alitaka niweke kufuli, nakala ikihamishwa ikatae kufunguka. Nilikataa. Nilimwambia kufuli ni ya mgeni, huyu ni mtoto wa dada yangu tena ana jina la baba. Akarudi kwa michoro yake. Ameacha kazi mbili kwa ajili ya hii gemu, na kuna watu Nairobi wanampigia simu kila wiki wakitaka akawachoree matangazo. Sikutaka kukuambia hiyo. Nimekuambia ili ujue flashi ina uzito gani.

Msalimie Maggie. Mwambie sufuria imepata kutu kidogo.

Warigia


Kamenu, Thika
4 Mei 2025

Kwa Baba,

Nimengoja barua yako wiki tano. Githinji anasema mkate alikupatia mkononi na ukaubusu. Pasaka nilipokuja (sufuria nilisahau) mama yako alisema uko kazini, nikapita kwa Gemu Palace nikakuta umefunga, na majirani wakasema ulikuwa hapo dakika kumi zilizopita.

Uko sawa? Gemu inafunguka?

Warigia


Kihunguro, Ruiru
11 Mei 2025

Tata wangu mpendwa,

Natumai uzima. Sisi huku ni baraka tu. Mama nimemnunulia mtungi wa gesi, wa kilo kumi na tatu, hawashi makaa tena, amekuwa tajiri wa Runda. Kuku wa cucu alipatikana akiwa na vifaranga tisa, na hakuna mtu ameniomba msamaha. Gemu Palace tumepaka rangi, kijani na nyeusi, na kompyuta sasa ni tano. Ukipita utafikiri umepotea.

Pasaka nilikuwa nimeenda tu mahali. Mtu wa biashara ana mambo.

Gemu ni moto. Vijana wanapanga foleni. Nekoye wa kinyozi amefikisha debe mara sita na sasa anataka kuolewa na nyapara. Ule mto wanaupenda zaidi, hiyo ya kuelea wanaiita kwenda mbinguni. Makosa mengine sijaona.

Flashi iko. Haijatoka hapa. Kwa nini itoke?

Basi usiwe na wasiwasi, fanya kazi, usisahau kula. Lenny pia anakusalimia, ingawa hamjuani.

Bedan


Kamenu, Thika
1 Juni 2025

Kwa Baba,

Habari za nyumbani. Sisi si wazima sana, lakini tunatembea.

Muoki alikuwa amenishinda kwa maneno, tukakubaliana tuuze kote kuwili: kwa tovuti yetu, na kwa duka kubwa. Wiki iliyopita tulijaza fomu za duka, tukapeleka gemu. Siku ya pili wakajibu kwamba gemu hiyo wako nayo tayari. Iliwekwa tarehe kumi na tisa Mei na mtu anayejiita kampuni, jina sijawahi kulisikia. Wamebadilisha kichwa tu, wanaiita Mbio za Kahawa. Wametufungia, sisi, kwa wizi. Huyo mtu akalalamika pia kwa kampuni inayotupokelea malipo ya simu, na wao wakafunga ukurasa wetu mpaka tuthibitishe gemu ni yetu. Kwa hivyo hatuwezi kuuza kule, na hatuwezi kuuza kwetu. Tarehe saba haipo tena.

Nilinunua hiyo Mbio za Kahawa. Niliazima kadi ya mwalimu mwenzangu, nikanunua kitu nilichotengeneza mwenyewe. Hatua mbili za mwisho hazipo. Nikafika kwa mto na debe limejaa. Mchumaji akaelea.

Sijamwambia Muoki kuhusu mto. Nakuuliza kwanza wewe, na nakuuliza mara moja tu.

Flashi iko wapi?

Warigia


Kihunguro, Ruiru
6 Juni 2025

Kwako Tata,

Salamu. Mama na cucu wako salama.

Nimesoma barua yako na nimeumia. Yaani kitu kikipotea kwa familia hii, macho yote kwa Bedan. Kuku, Bedan. Gemu, Bedan. Nimekuambia flashi iko hapa, naiangalia nikiandika, iko juu ya meza karibu na kikombe. Mimi sikusoma lakini si mjinga, siwezi kuuza kitu cha tata yangu.

Wewe umejiuliza nani mwingine ako na hiyo gemu? Nani ako nayo yote, miaka mitatu, kwa kompyuta yake? Nani anapigiwa simu na watu wa Nairobi kila wiki? Ulisema mwenyewe, si mimi. Mtu akitaka kuenda huenda na kitu mkononi. Angeweza kuchukua ile nakala ya zamani yenye mto kabla hajaurekebisha, kwani ni ngumu? Mimi sisemi ni yeye. Nasema tu uulize kwake kabla ya kuuliza kwetu. Damu ni damu.

Usiniandikie hivyo tena.

Bedan Gachau


Kamenu, Thika
22 Juni 2025

Bedan,

Nilimuuliza Muoki. Nilimuuliza kwa upole, nikizunguka, lakini alielewa nilichokuwa nauliza. Alizima kompyuta yake, akakunja waya polepole, akaenda. Hiyo ilikuwa Jumatatu iliyopita. Hashiki simu yangu.

Juzi duka lilitutumia karatasi ambayo huyo mwingine amewapa. Ni kurasa nne. Inasema kwamba mwenye gemu ameiuza yote, na haki zake zote, kwa Lenny Kamande wa Ruiru. Mwenye gemu ni Bedan Gachau. Namba ya kitambulisho ni yako, sahihi ni yako. Nimekuona ukijifunza hiyo sahihi nyuma ya daftari langu la hesabu. Niliwatumia michoro yote na faili za miaka mitatu. Wananijibu kwamba mtu anaweza kuajiriwa atengeneze kitu na kisiwe chake, na kwamba gemu yenyewe ikifunguka inaonyesha jina la mwenyewe kabla ya lingine lolote, na jina ni hilo hilo lililo kwa karatasi.

Jina la baba yangu. Niliweka mimi, kwa mkono wangu.

Nimewaandikia kwamba huyo ni marehemu, na wewe ni mjukuu wake. Wanasema basi huyo mjukuu aape mbele ya wakili kwamba hakuwahi kuwa mwenye gemu na hakuwa na ruhusa ya kuiuza. Wamenipa siku thelathini. Zikiisha, Debe la Mwisho ni ya Lenny.

Sina salamu leo.

Warigia


Kihunguro, Ruiru
14 Julai 2025

Kwako Tata Warigia,

Mama yuko salama. Cucu yuko salama. Barua yako imekaa na mimi wiki tatu. Siku za kwanza niliificha kwa kiatu.

Wacha niandike vile ilienda. Siku ile flashi ilikuja Lenny alikuwa hapa. Tulipofungua likatokea jina langu kwa skrini nyeusi, vijana wote wakapiga kelele. Lenny akaniuliza, "Buda, hii ni yako?" Ningesema ni ya tata, jina ni la guka, babako. Ni maneno machache, mtu anaweza kuyasema bila hata kuweka soda chini. Lakini kila mtu alikuwa ananiangalia, tata. Tangu niache shule hakuna mtu aliwahi kuniangalia hivyo. Nikasema ni yangu, na tata yangu ananisaidia kwa mambo madogo madogo.

Baadaye nikashindwa kurudi nyuma. Lenny akasema ataniuzia, tugawane, ataleta kompyuta mbili na rangi. Akaleta karatasi ya Kizungu, kurasa nne. Nilisoma mahali pa jina langu, nikaona wameliandika vizuri, nikatia sahihi. Nilifikiri ni karatasi ya kupeana ruhusa auze hapa mtaani. Hiyo si kujitetea. Hata hiyo ulikuwa umenikataza, na ulisema nisome mara mbili. Gesi ya Mama ilitoka hapo. Pasaka nilikuona ukija na barabara, nikafunga nikapitia nyuma.

Na ile barua ya kumsingizia Muoki niliandika usiku mmoja bila kufuta hata neno. Ilinijia rahisi. Hiyo ndiyo inaniuma kuliko karatasi.

Juzi nilimwambia Lenny ukweli. Hakupiga kelele. Alisema kama haikuwa yangu basi nimemuibia yeye, na nikienda kwa wakili ataenda kwa polisi na ile karatasi kwa mkono. Jana alikuja na mkokoteni akabeba kompyuta zote tano. Chumba kimebaki na rangi tu.

Leo asubuhi nilienda na kitambulisho kwa wakili wa hapo karibu na stendi. Alinisomea karatasi yote kwa Kiswahili, pole pole, akaniuliza kama najua naapa nini, na kama najua hii inaweza kunifikisha kortini. Nikasema najua. Imo ndani ya hii bahasha, na muhuri. Imesema mimi si mwenye gemu, sikuwahi kuwa, na sikupewa ruhusa na mwenyewe, Warigia Gachau. Githinji nimemwambia asiiweke na mikate, akae nayo kifuani.

Mama bado hajui. Nitamwambia nikimaliza kufunga hii.

Bedan


Kamenu, Thika
17 Agosti 2025

Kwa Bedan,

Habari yako, na Maggie, na cucu? Maggie alikuja hapa peke yake, na goti lake, akakaa siku mbili. Alilia, halafu akanifulia mapazia. Ameenda na sufuria.

Duka limeondoa Mbio za Kahawa. Kampuni ya malipo imefungua ukurasa wetu. Duka wameniambia sasa naweza kurudi kwao nikitaka, lakini sijawajibu, na sidhani nitawajibu. Tarehe moja Septemba nitaanza kuuza mwenyewe, kwa mlango wangu. Jina la baba nimeliacha pale pale. Nimeongeza mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa.

Nimesikia polisi walikuita mara mbili, na kwamba unasaidia Githinji kuteremsha mikate. Ukiitwa tena niambie, nitakuja tusimame pamoja. Usinijibu chochote kuhusu hilo. Sijakusamehe, nasema tu nitakuja.

Kuna jambo moja nataka. Muoki yuko huko kwenu. Nimeambiwa na mtu kwamba anachora mabango ya kuuza ploti, upande ule wa zamani wa kahawa. Nimempigia, nimemtumia ujumbe, hajibu. Nenda umwambie ni nani alifanya nini. Mwambie ukurasa unafunguliwa, na nusu yake ni nusu yake hata akikaa kimya miaka kumi. Muulize kama atarudi. Halafu uniandikie alichosema.

Warigia


Kihunguro, Ruiru
24 Agosti 2025

Kwako Tata Warigia,

Habari ya huko? Mama alifika salama, sufuria ameipa mahali pa heshima. Cucu ana mafua. Polisi hawajaniita tena.

Nilienda Jumamosi. Muoki alikuwa juu ya ngazi kwa kona ya ile barabara mpya ya vumbi, anachora bango kubwa la ploti, na nyuma yake mashine iking'oa visiki vya kahawa. Nilingoja chini. Aliniona akaendelea.

"Wewe ndio Bedan?"

"Ndio."

"Mwenye gemu?"

"Hapana."

Akacheka, lakini si cheko. Akasema, "Shika hii kopo." Nikashika kopo la rangi nyekundu mpaka akamaliza herufi zake zote. Nikamwambia kila kitu, flashi, karatasi, na ile barua yangu ya kumtaja. Alikuwa anaosha brashi. Nikamwambia kuhusu ukurasa, na nusu yake. Akauliza kama jina lake liko. Nikasema liko, kwa watengenezaji, la pili baada ya lako. Akatingisha kichwa vizuri tu, nikaona kama mambo yameiva, nikamuuliza kama atarudi.

Akasema, "Mwambie sirudi."

Nikasema, "Ni sababu yangu. Ni ile flashi."

"Flashi?" akasema. "Watoto huiba. Hata mimi niliibia mjomba wangu redio. Si flashi. Ni vile aliniuliza. Miaka mitatu tumegawana chapati moja, na barua ya mtoto mmoja ikatosha aniulize."

Tata, kutoka pale mpaka nyumbani nilikuwa natengeneza hii barua kwa kichwa. Nilitaka kukuandikia amesema ni sababu ya flashi, ndio makosa yote yabaki kwangu na wewe ulale. Ningeiandika vizuri, unajua naweza. Mpaka nilikuwa nimeanza kwa karatasi nyingine, nimeichoma kwa jiko. Hakusema flashi. Alisema ni vile ulimuuliza.

Nikiwa naenda akaniita. Alisema tarehe moja usimtumie gemu ya bure. Atalipa na simu, kama mtu mwingine yeyote.

Bedan